Nesi anayetaka kuwa daktari: kisa cha masomo ya sharti katika chuo cha jumuiya, Texas

Alikuja na swali moja. "Dada, nikichukua kemia na fizikia pale chuo cha jumuiya, shule za udaktari zitayatambua, au nitakuwa natwanga maji kwenye kinu?"

Alikuwa na miaka 29, nesi aliyesajiliwa katika hospitali moja upande wa Fort Worth. Anafanya zamu tatu za usiku kwa wiki, kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi. Majibu aliyokuwa ameshapewa yalikuwa yanapingana. Mfanyakazi mwenzake alimwambia asithubutu, kwamba kamati za udahili zikiona chuo cha jumuiya zinaweka fomu pembeni. Mshauri mmoja wa masomo alimwambia hana haja ya kusoma sayansi zaidi, aliyosoma kwenye unesi inatosha. Wote wawili walikosea, na kosa la yule wa pili ndilo lingemgharimu zaidi.

Nakiandika kisa hiki kwa ridhaa yake, bila jina lake. Mimi hufundisha maabara ya kemia katika chuo cha aina hiyo, na Waswahili wengi wa huku huniuliza swali hilihili: manesi, wasaidizi wa wauguzi, madereva wenye shahada walizotoka nazo nyumbani. Naviamini vyuo hivi kwa dhati. Ndiyo maana inaniuma kuona mtu amesoma mwaka mzima kwa jasho, ana A mkononi, halafu anaambiwa somo lenyewe silo.

Kwa msomaji aliye mbali: chuo cha jumuiya ni chuo cha umma cha miaka miwili, kinachompokea karibu kila mwenye cheti cha sekondari, kwa ada ndogo, na ratiba inayomfikiria mtu anayefanya kazi. Marekani nzima viko kama 1,000. Cha kwanza cha umma kilifunguliwa Joliet, Illinois, mwaka 1901. Hutoa diploma ya miaka miwili na vyeti vya ufundi, na hufundisha masomo ya mwaka wa kwanza na wa pili wa shahada, ambayo mwanafunzi huyahamishia chuo kikuu.

Alikotoka

Alimaliza kidato cha sita Kilimanjaro, tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia), akaja Marekani akiwa na miaka 20 pamoja na mama yake aliyepata bahati nasibu ya viza. Tanzania, mwenye PCB nzuri huomba Muhimbili, Bugando au chuo cha KCMC moja kwa moja. Anasoma miaka mitano, anafanya mwaka wa mafunzo kazini, anasajiliwa. Marekani haiko hivyo. Kwanza uwe na shahada ya kwanza, ya fani yoyote. Ndani yake au baada yake uwe na masomo ya sharti: mwaka mmoja wa baiolojia, mwaka wa kemia ya jumla, kemia ogania, mwaka wa fizikia, yote na maabara zake, kisha baiokemia, uandishi wa Kiingereza, na takwimu au hesabu. Halafu MCAT, mtihani wa kuombea shule za udaktari. Halafu miaka minne ya shule ya udaktari, na baada ya hapo mafunzo ya ubingwa yasiyopungua miaka mitatu.

Mjomba wake aliyeko Moshi hajakubaliana na hesabu hiyo hadi leo. "Si ulishasoma PCB wewe? Hao wanataka nini tena?" Namwelewa. Sehemu kubwa ya kemia ya jumla ya huku, mwanafunzi wa kidato cha sita ameshaifanya, na pengine kwa kina zaidi. Lakini matokeo yake ya kidato cha sita hayakumpa krediti (kipimo cha uzito wa somo chuoni) hata moja, na shule za udaktari za hapa zinataka kuona alama zilizotoka katika chuo cha Marekani au Kanada.

Alipofika alihitaji kula kwanza. Alianza kama msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee, akasoma unesi miaka miwili katika chuo cha jumuiya, akafaulu mtihani wa leseni, akaingia hospitali. Akamalizia shahada ya uuguzi kwa njia ya mtandao katika chuo kikuu cha umma cha Texas huku anafanya kazi. Kwa hiyo shahada anayo, na GPA yake ya jumla (wastani wa alama, juu kabisa ikiwa 4) ni nzuri. Ana uraia pia, na hilo lina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Shule nyingi za udaktari hazichukui wenye viza ya mwanafunzi, au huchukua wachache sana, na katika shule za umma za Texas sheria inataka wasio wakazi wa jimbo wasizidi asilimia 10. Mtu anayeuliza habari za masomo ya sharti wakati hana ukazi wa kudumu aanze na swali la ukazi, kemia itamsubiri.

Somo sahihi na somo linalofanana nalo

Nilimwomba alete transkripti zote mbili, yaani rekodi za alama za vyuo alivyosoma. Tuliziweka mezani tukapitia mstari kwa mstari. Anatomia na fiziolojia ya kwanza na ya pili, BIOL 2401 na 2402. Mikrobaiolojia, BIOL 2420. Kemia, CHEM 1406. Takwimu, MATH 1342. Saikolojia mbili. Kiingereza viwili. Mtu asiyejua akiangalia hapo ataona sayansi ya kutosha, krediti 16 zenye maabara, na bila shaka ndivyo alivyoona yule mshauri.

Texas ina mfumo mmoja wa namba za masomo kwa vyuo vyake vya jumuiya. Namba ina tarakimu nne. Ya kwanza ni mwaka wa masomo, na kwetu, kwa masomo yanayohesabiwa kwenye shahada, ni 1 au 2 kwa kuwa tunaishia mwaka wa pili. Ya pili ni idadi ya krediti. CHEM 1411 ni kemia ya mwaka wa kwanza, krediti 4, nadharia na maabara pamoja. CHEM 1406 nayo ni ya mwaka wa kwanza, nayo ina krediti 4, nayo ina maabara. Zinaweza kufundishwa chumba kimoja, na mwalimu mmoja, kwa ada ileile. Tofauti iko kwa nani anayelengwa. Somo la 1406 limeandaliwa kwa wanaoelekea unesi na fani nyingine za afya: unagusa moli, asidi na besi, kisha unakimbilia wanga, mafuta na protini. Somo la 1411 ni la wanaochukua sayansi kama fani yao, na linakaa na stoikiometria, nishati, muundo wa elektroni, maumbo ya molekuli na tabia za gesi mpaka vieleweke. Ukifaulu 1411 unaingia 1412, na ukifaulu 1412 unaingia 2423, ambayo ndiyo kemia ogania. Ukifaulu 1406 huingii popote kati ya hayo.

Baiolojia ina mtego wake, na unachanganya zaidi kwa sababu namba zinafanana. BIOL 1406 na 1407 ndizo za wanasayansi, BIOL 1408 na 1409 ni za wanaotafuta krediti ya sayansi ili kutimiza shahada ya fani nyingine. Yaani 1406 ya baiolojia ndiyo, 1406 ya kemia siyo. Mikrobaiolojia hivyohivyo: 2420 ni ya manesi, 2421 ni ya wanasayansi. Mfumo wa usajili haukuulizi unaelekea wapi. Unabofya, unalipa, unasoma.

Aliyeko Ohio, Minnesota au Maine asibebe namba hizi, kila jimbo lina zake. Abebe swali: somo hili ni la wanaosomea sayansi, au ni la fani za afya, au ni la watu wengine wote? Mtu wa idara ya kemia atakujibu kwa sentensi moja. Mtu wa dirisha la usajili huenda asijue, na si kosa lake, anahudumia mamia.

Basi kati ya yote aliyosoma, yaliyosimama kama masomo ya sharti bila ubishi yalikuwa Kiingereza na takwimu. Anatomia na fiziolojia zinamsaidia kama ujuzi, na zinaingia kwenye hesabu ya GPA yake ya sayansi, lakini hazichukui nafasi ya ule mwaka wa baiolojia ya msingi. Kumbe alikuwa na masomo manane mbele yake: BIOL 1406 na 1407, CHEM 1411 na 1412, CHEM 2423 na 2425, PHYS 1401 na 1402. Na baiokemia juu yake.

Aliponyamaza nikamwambia, "Mdogo wangu, heri ulivyojua leo."

Wapi ayasomee

Hapa ndipo swali lake la mwanzo lilipopata mahali pake. Alikuwa na njia tatu.

Ya kwanza ni kozi maalumu za watu wanaobadili fani, kama zile za Bryn Mawr kule Pennsylvania na Goucher kule Maryland. Ni nzuri, zina washauri wanaoijua njia hii vizuri. Lakini zinataka mtu aache kazi, ahame, na alipe makumi ya maelfu ya dola. Yeye anamtunza mama yake na anatuma hela nyumbani. Hatukuijadili sana.

Ya pili ni chuo kikuu cha umma kilicho karibu. Ya tatu ni chuo cha jumuiya cha wilaya anamoishi. Kwa mkazi wa wilaya, krediti moja ilikuwa chini ya dola 100. Chuo kikuu, ukijumlisha na ada ndogondogo, ilikuwa kama mara nne. Masomo manane ya krediti 4 ni krediti 32. Kwa hiyo ni chini ya dola 3,200 upande huu na kama mara nne yake upande ule, kabla ya vitabu. Ruzuku ya Pell, ya serikali kuu ya Marekani, hakustahili, kwa sababu hutolewa kwa asiye na shahada ya kwanza, na hilo huwashangaza wengi. Hospitali yake ilikubali kumrudishia sehemu ya ada. Sheria ya kodi inaruhusu mwajiri kumlipia mfanyakazi masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila fedha hiyo kukatwa kodi. Ila kila hospitali ina masharti yake, nyingine hulipia masomo ya unesi peke yake, kwa hiyo uliza idara ya rasilimali watu kabla hujalipa.

Fedha pekee isingetosha kuamua. Shule za udaktari zinasemaje? Zinatofautiana. Nyingi hukubali masomo ya chuo cha jumuiya. Baadhi hukubali lakini husema wazi kwamba zinapendelea yasomwe chuo cha miaka minne. Chama cha vyuo vya udaktari cha Marekani, AAMC, kina hifadhidata ya kulipia iitwayo MSAR, ambapo kila shule ya MD (shahada ya kawaida ya udaktari) imeandika sera yake kwa kila somo la sharti. Aliinunua. Kisha, kwa shule zilizokuwa juu kwenye orodha yake, akaandika barua pepe fupi yenye maswali matatu: mnakubali masomo ya sharti ya chuo cha jumuiya kutoka kwa mtu ambaye tayari ana shahada, mnakubali maabara zilizofanyika mtandaoni, na masomo yasizidi umri gani. Nilimsisitizia ahifadhi majibu. Sera hubadilika, na barua ya shule yenyewe ina nguvu kuliko neno langu au la mtu mwingine yeyote.

Majibu yaliyorudi yalikuwa ya kutia moyo. Walikubali. Shule moja iliongeza kwamba ingependa kuona masomo ya juu ya sayansi kutoka chuo kikuu. Nyingine ilisema maabara za mtandaoni hazikubali.

Ule wasiwasi kwamba kamati zinakidharau chuo cha jumuiya hautoki hewani. Kuna mwanafunzi yuko chuo kikuu, anasikia kemia ogania ya pale ni ngumu, anatoroka kwenda kuifanya kiangazi chuo cha jumuiya apate A rahisi, kisha anarudi. Kamati ikiona hivyo mara mbili tatu itauliza, na ina haki. Lakini mtu anayefanya kazi saa 36 za usiku kwa wiki, aliyeanzia chuo cha jumuiya na kurudi hapohapo kwa sababu ndicho kilicho karibu na ndicho anachokimudu, hakimbii chochote. Transkripti yake inasimulia hivyo yenyewe. Na watu wa namna hiyo wamo ndani ya shule za udaktari. Utafiti uliochapishwa 2014 katika jarida la Academic Medicine uliwaangalia waliojiunga mwaka 2012 ukakuta zaidi ya robo yao, karibu asilimia 28, walikuwa wamepita chuo cha jumuiya kwa namna moja au nyingine: wengine wakiwa sekondari bado, wengine baada ya sekondari, wengine baada ya shahada.

Kwa hiyo jibu langu kwake lilikuwa ndiyo, kwa masharti. Masomo manane ya msingi ayafanye chuo cha jumuiya, darasani na maabarani, si mtandaoni. Baiokemia na angalau somo jingine moja la juu la baiolojia ayafanye chuo kikuu. Kwa baiokemia hakukuwa na hiari: ni somo la mwaka wa tatu, nasi tunaishia wa pili. Lakini hata kama ingekuwepo kwetu ningemshauri vilevile. Kamati ikiona A za chuo cha jumuiya zikifuatiwa na A ya baiokemia katika chuo kikuu, inajua zile za mwanzo hazikuwa za kupewa.

Ilivyokwenda

Muhula wa kwanza alijiandikisha masomo matatu: kemia, baiolojia na fizikia. Krediti 12, maabara tatu, na zamu tatu za usiku. Nilimwambia ni mengi, akasema dada mimi nimezoea kukosa usingizi. Wiki ya pili alikuja ofisini macho mekundu. Texas, kwa muhula wa kawaida, siku ya kumi na mbili ya masomo ndiyo siku ya hesabu rasmi. Ukiacha somo kabla yake halionekani kabisa kwenye transkripti, ukiacha baada yake inaandikwa W, alama ya kujiondoa, na inabaki hapo milele. Aliacha fizikia siku moja kabla. Hakuna atakayejua isipokuwa mimi, yeye, na sasa ninyi.

Kwa bahati aliangukia kundi langu la maabara. Wiki ya titresheni, yaani kupima asidi kwa kuidondoshea besi hadi rangi ibadilike, wanafunzi wa miaka 19 walikuwa wanamimina sodiamu haidroksaidi kama wanamwagilia bustani, na chupa zao zikageuka zambarau iliyokolea, maana yake wamepitiliza na lazima waanze upya. Yeye aliinama macho yakiwa sawasawa na biureti (mrija wenye vipimo na koki chini), akasoma chini ya mkunjo wa kimiminika, akaandika hadi sehemu ya mia ya mililita. Alipokaribia mwisho akawa anageuza koki kidogokidogo, tone linaning'inia, analigusisha kwenye ukuta wa chupa, analisukuma chini kwa maji yaliyokenekwa. Rangi ikawa waridi hafifu sana, ikakaa. Majaribio yake matatu yalitofautiana kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya mililita. Ni mikono ya mtu aliyepima dawa kwenye sindano kwa miaka. Nilimwambia hivyo, na niliona mgongo wake ukinyooka.

Mtihani wa kwanza wa nadharia, hata hivyo, alipata 68. Tulipokaa kuupitia tukaona maswali aliyoyakosa hayakuwa magumu kwake. Alikuwa amesoma vibaya vipimo, amesahau kubadilisha nyuzi kuwa Kelvini, ameruka sehemu ya swali. Makosa ya uchovu. Mtihani ulikuwa Jumanne asubuhi, na zamu zake zilikuwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili usiku. Jumatatu nzima alikuwa analala, anaamka jioni, anajaribu kusoma usiku kucha, anaingia darasani akiwa hajui ni saa ngapi mwilini mwake. Dawa haikuwa kusoma zaidi. Alimwomba msimamizi wa wodi abadilishane zamu ya Jumapili na mwenzake aliyetaka kuiachia ya Alhamisi. Darasa lake la mwisho la wiki lilikuwa Alhamisi mchana. Kuanzia hapo Jumapili na Jumatatu zikawa zake. Alimaliza CHEM 1411 na B, na baiolojia na A.

Muhula uliofuata CHEM 1412 na BIOL 1407, zote A. Kiangazi alipumzika, na nilimuunga mkono, ingawa marafiki walimsukuma afanye fizikia ya wiki tano amalize haraka. Fizikia ya wiki tano kwa mtu wa zamu za usiku ni njia ya kutafuta C. Vuli akachukua CHEM 2423 na PHYS 1401: A ya kemia ogania, B ya fizikia. Ile fizikia ni ya aljebra, si ya kalkulasi, nayo inatosha kwa shule nyingi za udaktari na kwa MCAT. Sasa yuko kwenye mawili ya mwisho.

Namba zinasemaje

Mtu hujadili jina la chuo usiku kucha huku hesabu ya maana iko kwingine. Mfumo wa maombi wa shule za MD, AMCAS, huchukua masomo yote ya baiolojia, kemia, fizikia na hesabu uliyowahi kusoma chuo chochote, ukatengeneza GPA ya sayansi peke yake. Masomo ya unesi wenyewe hayaingii humo. Kabla ya kuanza, ya kwake ilikuwa na krediti 19 tu: B na A za anatomia na fiziolojia, B ya mikrobaiolojia, A ya ile kemia ya manesi, B ya takwimu. Hiyo ni 3.42. Akimaliza na A mbili muhula huu, krediti 32 mpya zitakuwa na A sita na B mbili. Jumla inapanda hadi krediti 51 na GPA ya sayansi 3.63.

Je, inatosha? Mwaka wa masomo 2023 waombaji wa shule za MD Marekani walikuwa zaidi ya 52,000 na waliojiunga karibu 23,000. Wastani wa GPA ya jumla, si ya sayansi peke yake, ya waliojiunga ulikuwa 3.77 na wa MCAT 511.7, katika mtihani ambao alama zake zinaanzia 472 hadi 528. Wastani si mstari wa kukata, nusu ya watu wako chini yake au karibu. Lakini namba hizo zinamwambia waziwazi kwamba MCAT yake itabeba mzigo. Ndiyo itakayojibu swali la kama A ya kemia ogania ya chuo cha jumuiya ni A kweli. Ndiyo maana sikutaka akimbie masomo: anayeelewa CHEM 1411 hadi ndani anakuwa ameshaanza kusomea MCAT bila kujua.

Alama ya zamani haifutiki kwa kurudia somo. AMCAS huhesabu mara zote mbili. Mfumo wa shule za osteopathia (tawi jingine la udaktari, linalotoa shahada ya DO badala ya MD), AACOMAS, zamani ulikuwa unachukua alama mpya peke yake, ukaacha mwaka 2017, lakini ushauri wa kale bado unazunguka. Na chuo chochote ulichowahi kusoma lazima ukitaje, hata kama ni somo moja la kiangazi. Kuficha transkripti ni jambo linaloweza kukufungia milango yote kwa pamoja.

Shule nyingi za umma za Texas hutumia mfumo wao, TMDSAS: fomu moja, ada moja, haijalishi umechagua shule ngapi ndani yake. AMCAS, ambayo atahitaji kwa shule chache za nje ya mfumo huo, ni dola 175 kwa shule ya kwanza na zaidi ya 40 kwa kila inayofuata. Shule iliyo juu kwenye orodha yake ni ya osteopathia ya Fort Worth, TCOM, iliyoanzishwa 1970, ya umma, ambayo imejijengea jina kwa kutoa madaktari wa huduma za msingi. Anataka udaktari wa familia. Aliniambia sababu: wazee wa Kiswahili na wa Kikongo wanaoletwa hospitali na wajukuu wa miaka 12 kama wakalimani, wakiona aibu kumweleza mtoto mahali panapouma.

Kilichobaki

Barua za mapendekezo. TMDSAS inataka kifurushi cha kamati ya ushauri wa fani za afya ya chuo, au barua tatu za watu binafsi. Vyuo vyetu vya jumuiya kwa kawaida havina kamati hiyo. Profesa wa nadharia ya kemia ogania, ambaye amemfundisha na kumwona kila wiki kwenye saa za ofisi, ameshakubali. Ya pili itatoka kwa profesa wa baiokemia chuo kikuu, na hiyo maana yake akae safu za mbele tangu siku ya kwanza. Ya tatu kwa daktari wa wodi yake. Mimi nilikataa kuandika. Ananiita dada, tunakula pamoja Krismasi, na barua yangu ingekuwa ya ndugu.

Fomu ya kujiunga na chuo kikuu kama mwanafunzi mwenye shahada anayechukua masomo machache ameshaituma. Baiokemia vuli ijayo inafundishwa Jumanne na Alhamisi jioni, jenetiki Jumatano. MCAT ameipanga majira ya kuchipua yatakayofuata, ili fomu ya TMDSAS ikifunguliwa Mei awe na alama mkononi au karibu. Alhamisi jioni inagongana na ile zamu aliyobadilishana, na mwenzake hataki kurudi Alhamisi. Msimamizi wa wodi amekubali kumshusha hadi zamu mbili kwa wiki kuanzia Agosti. Idara ya rasilimali watu imemthibitishia kwa maandishi kwamba kwa zamu mbili bima yake ya afya itaendelea, ila makato yataongezeka, na wiki hii yeye na mama yake wanapiga hesabu ya tofauti hiyo.